Diski Niliyoitundika Juu ya Moto

Alhamisi. Mbeya, nyumbani kwa mjukuu wangu Neema. Ukungu haukuondoka mpaka saa nne, na baridi hii ya mwezi wa saba inaingia hadi kwenye meno. Nimevaa sweta mbili na kitenge juu yake, bado natetemeka. Sijui kama ni baridi peke yake.

Leo nina hasira. Nianze na hilo, asije mtu akasema sikumwambia.

Nina hasira na shemeji yangu Yohana. Nina hasira na fundi wa Iringa mjini, na yule muuza vifaa wa soko la Mwanjelwa aliyevaa miwani ya jua wakati jua lenyewe halijatoka. Lakini hao wote ni wa pembeni. Mwenye kosa ni mimi.

Haya, nimeandika. Sitarudia.

Kwa mgeni wa hapa: mimi niliishia darasa la nne, kijijini kwetu Iringa. Hii blogu alinifungulia Neema baada ya babu yake kufariki, akasema, "Bibi, badala ya kumgombeza kila anayepita, andika." Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Kugombeza sijaacha.

Jambo lenyewe ni hili. Keshokutwa Jumamosi ukoo wa mume wangu unakutana kijijini kujengea makaburi. Saruji imenunuliwa, misalaba imechomelewa, na kila kaburi litaandikwa jina. Kwa hesabu ya Yohana makaburi ni kumi na tisa, na mengi ni mawe tu yaliyomezwa na nyasi. Aliyejua nani amelala wapi alikuwa mtu mmoja, mume wangu. Kabla hajafa alizunguka pale juu jiwe kwa jiwe akitaja majina, Neema nyuma yake na simu, anarekodi video. Video ikahamishiwa kwenye hadi diski, kile kiboksi cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya. Baadaye simu ya Neema iliibiwa. Ikabaki diski tu, maana Neema mpangilio wa mawe haukumbuki, na diski nilikabidhiwa mimi.

Hawa wengine wa ukoo, baba mkubwa akiandikwa mahali pa shangazi, watacheka, watasameheana. Mimi namtafuta mmoja.

Agnesi.

Mtoto wangu wa kwanza. Aliishi siku nane. Mama mkwe alimbatiza mwenyewe ndani ya nyumba, kwa maji ya kwenye kata, kwa sababu padri alikuwa mbali na mtoto hakuwa na muda. Siku zile mzazi hatoki ndani, na mtoto ambaye hajatolewa nje haliliwi mbele za watu. Wanawake wakubwa walimchukua alfajiri pamoja na mume wangu. Mimi nilifungiwa mlango. Waliporudi hakuna aliyesema wamemweka wapi, nami sikuuliza. Nilikuwa msichana tu. Halafu nikazaa wengine sita, na kuuliza kukawa kama kumtukana mtu. Imepita zaidi ya miaka hamsini.

Siku ile ya kurekodi, mume wangu aliporudi kutoka juu alivua mabuti mlangoni, akaniambia, "Nimemtaja na wa kwanza. Ukitaka utasikiliza." Sikusikiliza, wala Neema sikumwuliza. Neema aliniwashia ile video mara mbili, na mara zote mbili, kabla haijafika mbali, niliinuka nikasema naenda kuangalia maharage.

Hakukuwa na maharage motoni.

Sasa hapa ndipo ujinga wangu unapoanza, na nitausema wote. Neema aliponikabidhi diski alisema, "Bibi, ihifadhi vizuri. Iwe pakavu, panya wasiifikie, watoto wasiichezee." Nikamwuliza, unamfundisha nani kuhifadhi? Mimi nimehifadhi mbegu tangu mama yako hajazaliwa! Kwetu kitu cha thamani hakiwekwi kabatini kama vikombe vya wageni. Mahindi ya mbegu tunayafunga kwa maganda yake yenyewe, tunayatundika darini jikoni, juu ya mafiga. Moshi unayapiga kila siku. Kwa nje yanakuwa meusi kama mkaa, na fukusi hayagusi. Msimu ukifika unapukuchua, unapanda, yanaota yote. Yote! Wale wa dawa za madukani njooni tushindane.

Basi diski nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitundika hapo hapo, katikati ya mahindi makubwa kuliko yote. Pakavu. Panya hafiki, mtoto hafiki. Miaka mitatu nimepika ugali chini yake, nikiinua macho naiona, najiona mtu wa maana.

Mwezi uliopita, Yohana alipotangaza ujenzi, nikaishusha. Kitambaa kilikuwa kinanata. Nikampelekea mwalimu wa shule yetu mwenye laptopu, akaichomeka. Taa ikawaka, ikazimika. Ndani kukawa na sauti, tik, tik, tik, kama kuku anayedonoa bati. Kwenye kioo hakikutokea kitu.

Mwalimu akasema labda ni unyevu. Nikafanya kama tunavyofanya simu ikiingia maji, nikaizika kwenye ndoo ya mchele. Mchele mzuri wa Madibira, siku tatu. Ilipotoka bado inasema tik tik, na sasa ina unga wa mchele kwenye tundu la waya.

Nikaenda Iringa mjini kwa fundi. Safari hiyo taa ilikaa ikiwaka, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Fundi akasema, "Bibi, kompyuta inauliza kama tuiformati."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kuisafisha tu. Tukishaisafisha itafunguka vizuri."

Nikakitazama kile kidude na masizi yake. Hebu niambieni ninyi mliosoma: mtu akikwambia atasafisha kitu chenye masizi, utamkatalia? Nikasema, safisha baba. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Hapo hapo simu ikaita, Neema huyo, anataka kujua nimefikia wapi. Nikamjibu kwa raha zangu kwamba tumefika pazuri, fundi anaisafisha kwa formati.

"BIBI, MWAMBIE ATOE MKONO!"

Fundi aliisikia hiyo bila spika. Akautoa mkono kama aliyegusa kaa la moto.

Formati, ndugu zangu, ni kufuta. Kufuta kila kitu! Na wanaiita kusafisha. Nilimwambia yule fundi maneno ambayo mtu anayepokea komunyo hapaswi kuyasema, na nitayaungama, lakini sijayajutia. Nikachukua diski yangu nikaja Mbeya kwa Neema. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jana Neema alinipeleka Mwanjelwa kwa fundi anayemwamini, kisha akaenda zake kazini hospitali. Fundi ni mwanamke, Tusajigwe, Mnyakyusa mtu mzima mwenye mvi mbele. Alijifunza kwa baba yake, kuanzia kwenye redio. Nilimpenda kwa jambo moja: kabla ya kuichomeka popote, aliinusa.

"Shikamoo bibi. Hii ilitolewa kwenye nyumba iliyoungua?"

"Marahaba. Haikuungua. Niliihifadhi."

"Wapi?"

"Darini. Juu ya moto, na mbegu."

Nilikuwa nimejiandaa. Angecheka ningeondoka. Hakucheka.

"Mbegu ziliota?"

"Zote."

"Basi mbegu umeziweza," akasema, akachukua bisibisi.

Alifungua lile ganda la nje tu, diski yenyewe ndani hakuigusa. Akanionyesha kibao kidogo ambapo waya unaingia. Meno yake yalikuwa yameota kutu ya kijani, na juu yake utando wa moshi kama mafuta ya kupikia yaliyoganda. Akasema hicho ni cha kubadilisha, hakimsumbui. Kinachomsumbua ni ile tik tik. Halafu akaigeuza diski, akaniwekea kidole kwenye kijitundu kidogo kama alama ya sindano.

"Umeona hapa, bibi? Hii inapumua. Ndani kuna sahani inazunguka, na kuna mkono mwembamba unasoma juu yake bila kuigusa. Hewa inaingia na kutoka kwa tundu hili. Kuna kichujio, ndiyo, lakini kichujio nacho kina mwisho wake. Miaka mitatu imekuwa ikivuta moshi."

Inapumua.

Nilikaa kwenye stuli yake, nikaomba maji.

Hili sijawahi kumwambia mtu. Hata padri. Agnesi alizaliwa mwezi kama huu, baridi kama hii, majani yanaamka meupe kwa sakitu, ule umande unaoganda. Nilimlaza jikoni. Nilimlaza karibu na mafiga, karibu kabisa, nikaziba ufa wa mlango kwa gunia upepo usiingie. Kuni zilikuwa mbichi. Siku ya sita akaanza kukohoa, kikohozi kidogo kama cha paka. Nikamsogeza karibu zaidi. Wanawake walisema ni kifua, kazi ya Mungu. Labda. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nachochea kuni.

Nilitaka apate joto tu.

Tusajigwe akaniambia hawezi kuhamishia chochote humo humo. Inatakiwa diski mpya ya kupokelea, na yeye angeweza kunichagulia. Nikakataa. Nikasema nitachagua mwenyewe, sijawahi kuchaguliwa hata jembe. Ukweli ni kwamba nilitaka kutoka nje nikamgombeze mtu.

Na mtu nikampata. Meza ya tatu tu, yule wa miwani.

"Karibu bibi yangu, hii hapa ina nafasi ya tera kumi na sita! Utaweka ukoo mzima, na wajukuu ambao hawajazaliwa. Shika, sikia uzito huo."

Nikashika. Ilikuwa nzito kweli, lakini nzito upande mmoja. Mimi nimenunua kuku minadani miaka mingi, najua aliyenona na aliyejazwa pumba na maji asubuhi ile. Nikaitikisa karibu na sikio. Kok.

"Nini kinagonga humu?"

"Hiyo ni diski, bibi. Inajigeuza."

"Inajigeuza ina homa?"

Watu wakaanza kusogea. Ganda lilikuwa limeachia pembeni, nikachomeka ufunguo wa nyumba yangu, likafunguka. Ndani kulikuwa na nati ya gari, nati kubwa ya tairi, imegandishwa kwa gundi. Na pembeni yake kifleshi kidogo kama ukucha wa mtoto. Basi! Hiyo ndiyo tera kumi na sita.

"Bibi, hata mimi nimeuziwa hivyo hivyo," akasema, sauti imeshuka.

"Vua miwani unapodanganya watu, nikuone macho."

Akavua. Kijana mzuri tu. Nikamwuliza, mtu akiweka humu picha ya marehemu mama yake, utamjibu nini siku akiitafuta? Nikamrudishia nati yake mkononi, nikaenda zangu. Nilijisikia vizuri hatua kama kumi hivi. Halafu nikakumbuka kwamba yeye ameficha nati, mimi nimefukiza sauti ya mume wangu. Sijui nani kati yetu anapaswa kuvua miwani.

Nikarudi kwa Tusajigwe kichwa chini, nikamwambia chagua. Akanipangia mbili mezani. Moja ni ya sahani inayozunguka: haipendi kuanguka, haipendi kutikiswa, lakini ukiitunza inakaa. Nyingine haina kinachozunguka ndani, ukiiangusha inavumilia, ila ukiifungia miaka bila kuiwasha inaweza kusahau ilichobeba. "Hakuna isiyokufa, bibi," akasema. "Ndiyo maana tunaweka nakala mbili, nyumba mbili tofauti."

Na hilo nalijua! Kila mwaka nusu ya mbegu yangu naipeleka kwa dada yangu Mufindi, jiko langu likiungua nisikose cha kupanda. Mbegu ya mahindi naigawa. Diski sikuigawa. Neema aliwahi kusema, "Bibi, nipe nitoe kopi," nikamwambia ondoa mikono. Nilitaka iwe kwangu peke yangu, na hata kuisikiliza nilikuwa siwezi.

Kiburi hicho. Sina jina lingine.

Tulichukua zote mbili. Tusajigwe akaivisha diski yangu ganda jipya na kibao kipya, akaiacha inyonywe polepole, kipande kwa kipande, kama unavyomlisha mgonjwa uji kwa kijiko. Ikisema tik, anasubiri. Ikitulia, anaendelea. Akaniambia nirudi leo, na kwamba hawezi kuahidi.

Leo saa saba mchana akapiga simu. Nimekwenda peke yangu, Neema yuko zamu. Diski ya zamani ilikuwa imelala mezani, kimya. Ilimaliza, ikafa.

"Bibi, picha zimeharibika," akasema. "Sauti ipo."

Akaniwekea. Kwenye kioo picha imeganda pale mwanzoni kabisa: mabuti ya mume wangu kwenye nyasi zenye umande, kiraka cha buti la kushoto nakitambua maana nilikibandika mimi. Sura yake haimo. Haitarudi tena, na ni moshi wangu ulioiondoa. Lakini sauti ikaanza kutembea. Anahema, anakohoa, anahesabu: kutoka nguzo ya fensi, mstari wa juu, hatua nne, baba. Hatua tatu kulia, mama. Shangazi. Baba mdogo. Nilikuwa naandika kwenye daftari, kila jina na hatua zake. Safari hii sikuinuka.

Akafika kwenye lile jiwe dogo la mwisho. Yohana wiki nzima ananiambia, "Shemeji, usijisumbue, pale padogo tutaandika Mtoto, yaishe." Sauti ikasema: "Hili dogo si kaburi. Nililiweka mimi, la kukalia nikichoka."

Walikuwa wanakwenda kuusimika msalaba kwenye stuli! Nilicheka. Nilicheka mpaka Tusajigwe akageuka kunitazama, na kicheko kikaishia kwingine.

Kisha akasema, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Na wa kwanza wetu, Agnesi. Huyu msimtafute huku juu. Mama yangu alisema mtoto wa siku nane akilazwa huku kwenye upepo ataona baridi. Tulimweka nyuma ya jiko, kando ya ukuta, upande wa mafiga. Bibi yako anakaa hapo kila siku akipukuchua mahindi, Neema. Sikumwambia. Nilimwona anakaa vizuri."

Tusajigwe akaenda kutafuta waya ambao haukuwa umepotea.

Ukuta ule. Jiko tumelijenga upya mara mbili, mafiga hayajahama. Nakaa hapo kila siku jua likipanda, mgongo ukutani, kwa sababu ukuta unapata joto la moto wa ndani na mgongo wangu unauma. Wanangu wote sita niliwanyonyeshea hapo. Siku tuliyomzika mume wangu waliniwekea kiti barazani na mto juu yake, nikaondoka nikaenda kukaa pale chini. Nilifikiri nafuata joto.

Jioni hii Yohana amepiga simu. Nimemsomea majina kumi na nane, nikamwambia jiwe la kumi na tisa alifute kwenye karatasi yake, na kwa nini. Hakubisha, ajabu. Halafu akasema, "Basi shemeji, saruji itabaki kidogo. Tutamjengea na Agnesi pale nyuma ya jiko, msalaba mdogo." Nimemwambia asubiri. Akauliza asubiri nini. Nimemkatia simu, maana sijui.

Nakala moja inabaki hapa kabatini kwa Neema. Nyingine naondoka nayo asubuhi. Itakaa chumbani kwangu, mbali na moshi.

Kesho mchana nitakuwa nimefika. Jiko limelala bila moto siku nne. Juu ya mafiga mbegu za mwaka huu zinangoja moshi, na usipozipiga moshi sasa fukusi wataingia. Nyuma ya ukuta ni mwezi wa saba, na baridi ni ileile.

Niwashe, au nisiwashe?